Kipimo cha damu cha saratani kwa mbwa: maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kipimo hiki kinatafuta nini kwenye damu?

Seli zinapokufa humwaga vipande vya vinasaba (DNA) kwenye damu, na seli za saratani nazo hufanya hivyo. OncoK9, kilichoingizwa sokoni Marekani mwaka 2021 na kampuni ya PetDx, kilisoma vipande hivyo kutafuta kasoro za saratani. Nu.Q cha kampuni ya Volition hupima wingi wa nyukliosomu, yaani vifundo ambamo DNA imejizungushia protini.

Tofauti hiyo ina uzito wake kliniki. Nyukliosomu hupanda pia mbwa akiwa na uvimbe wa maambukizi au ameumia, na hata baada ya kula. Ndiyo maana kwa Nu.Q mbwa huambiwa akae bila chakula angalau saa 4, na damu yake izungushwe kwenye mashine mapema ili majimaji yatengwe na seli. Mbwa aliyelishwa asubuhi hiyo anaweza kurudi na majibu ya kutisha bila sababu.

Kinaikamata saratani kwa kiasi gani?

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu matangazo hupenda kutaja namba moja tu. Utafiti wa OncoK9 uliochapishwa mwaka 2022, ulioshirikisha mbwa zaidi ya 1,000, ulionyesha kwamba kilitambua asilimia 54.7 ya mbwa wenye saratani. Kwa aina tatu kali, yaani saratani ya tezi za limfu, ya mishipa ya damu na ya mifupa, kilifika asilimia 85.4. Kati ya mbwa wasio na saratani, asilimia 98.5 walipewa majibu sahihi.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme tumepima mbwa 1,000 wanaoonekana wazima, na 20 kati yao wana saratani iliyojificha. Kwa viwango hivyo, 11 watakamatwa na 9 watapita. Miongoni mwa wale 980 wasio na ugonjwa, kama 15 watapewa majibu kwamba wanao. Kwa hiyo simu zitapigwa kwa wenye mbwa 26, na zaidi ya nusu yao wataambiwa habari isiyo ya kweli. Na huo ni mfano wenye upole, kwani wengi wa mbwa wagonjwa kwenye utafiti ule walikuwa wameshagundulika, wala si wale ambao uvimbe ndio kwanza unaanza.

Kama kinauzwa, si maana yake kimeidhinishwa?

Hapana, na jambo hili watu wengi halijawafikia. Nchini Marekani, FDA, mamlaka ya chakula na dawa, haidai kibali cha awali kwa vifaa tiba vya wanyama. Inakataza vifaa vibovu na maelezo ya uongo, lakini kampuni hailazimiki kupeleka ushahidi kabla ya kuanza kuuza. Wizara ya Kilimo ya huko hutoa leseni kwa vifaa vya kupimia magonjwa ya kuambukiza ya wanyama. Saratani haimo humo. Mzigo wa kudai ushahidi unabaki kwa daktari na kwako wewe. Nadhani si haki mzigo huo kumwangukia mtu aliyekuja tu kumchanja mbwa wake.

Biashara yenyewe nayo ni ngumu. OncoK9 kiliuzwa kwa mamia ya dola, na mwaka 2024 PetDx ikafunga shughuli zake. Mwaka 2025 kampuni ya vipimo vya wanyama ya IDEXX ikaja na njia nyingine: ikaanza na kipimo cha saratani moja tu, ya tezi za limfu, kwa bei ya kuanzia dola 15 kikiunganishwa na vipimo vingine vya damu.

Kugundua mapema husaidia kila mara?

Inategemea ni saratani ipi. Ile ya tezi za limfu mara nyingi huitikia dawa vizuri, na mbwa akapata miezi mingi ya kucheza na kula kama kawaida. Saratani ya mishipa ya damu kwenye bandama ni habari nyingine: hata baada ya upasuaji na dawa, wengi huishi miezi michache tu.

Mbwa gani apimwe?

Wazee, na wa koo zenye hatari kubwa kama golden retriever, boxer na Bernese mountain dog. Kwa mbwa mwenye umri mdogo na afya njema, sioni faida.

Na paka?

Vipimo vitatu nilivyovitaja vilitengenezwa kwa mbwa. Usikubali majibu ya paka yasomwe kwa viwango vya mbwa.

Majibu yakisema kuna dalili ya saratani, nianze wapi?

Usianze dawa, na usikubali kumlaza mbwa wako usingizi wa mwisho kwa karatasi hiyo pekee. Mwombe daktari ampapase tezi za chini ya taya, mbele ya mabega na nyuma ya magoti, apige picha ya kifua, na aangalie bandama na ini kwa ultrasaundi. Akipata uvimbe, avute seli kwa sindano au akate kipande kikapimwe maabara. Hapo ndipo ugonjwa huthibitishwa. Asipopata kitu, kubalianeni kabisa tarehe ya kurudia kipimo na dalili za kumrudisha kabla ya hapo: kukonda, ufizi kupauka, kuchechemea kusikoisha, au kuzimia ghafla.