Je, wajua kwa nini sheria hukagua kitabu lakini haikagui mbinu ya kufundishia?

Kabla kitabu cha kiada hakijaingia katika shule ya umma huko Eastleigh au Kayole, mitaa ya Nairobi, lazima kiidhinishwe na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, pale Desai Road. Mwalimu naye hasimami darasani bila kusajiliwa na TSC, tume ya kuajiri walimu. Na mbinu? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu za kikatili katika kifungu cha 36, tena imeunda baraza la viwango na ubora. Lakini haidai kwamba njia ya kumfundisha mtoto wa Gredi ya 1 kusoma iwe imejaribiwa kwanza ikaonekana inafaa.

Kitabu kamati inaweza kukisoma mezani ikakipitisha. Mbinu huonekana tu somo linapoanza, mbele ya darasa lililofurika.

Kisha kuna suala zito zaidi: matokeo hutegemea nani anatekeleza. Walimu wa kandarasi walijaribiwa magharibi mwa Kenya, alama za watoto zikapanda. Mpango ulipopelekwa nchi nzima, shule zilizosimamiwa na shirika la World Vision zilifaidika. Zilizokuwa chini ya serikali hazikupata mabadiliko. Huko mishahara ilichelewa na ufuatiliaji ukalegea. Kwa hiyo sheria inayosema tu “tumieni mbinu zilizothibitishwa” haitoshi. Imethibitishwa wapi, na mikononi mwa nani?

Marekani, sheria ya elimu ya 2015 ilipanga ushahidi kwa ngazi nne. Ya juu kabisa ni majaribio ambamo wanaopata mpango huchaguliwa kwa bahati nasibu, na fedha za kuinua shule zilizo nyuma hudai mojawapo ya ngazi tatu za juu. Ngazi hizo tuzichukue, ila tuongeze sharti letu: ushahidi utoke katika shule za umma za hapa, kwa walimu wa TSC na mishahara yao ya kawaida.

Linawezekana, maana tumeshalifanya. Mradi wa PRIMR ulijaribu mbinu za kusoma kuanzia 2011, Nairobi ikiwemo. Mwaka 2015 ukazaa mpango wa kusoma uitwao Tusome kote nchini: kitabu kwa kila mtoto, mwongozo kwa mwalimu, na maafisa wa mtaala walioingia darasani na tableti kumsaidia. Lakini hakuna kifungu kilicholazimisha jaribio litangulie. Mpango ujao unaweza kuja bila jaribio lolote, na mzazi wa Mathare akitaka kuhoji, hana kifungu cha kushika.