Kuboresha Jeshi Hakuanzi na Kununua Silaha

Siku ya Jamhuri, ndege za kivita aina ya F-5 zinapokatiza anga ya Nairobi, maswali huanza mitandaoni: mbona bado tunarusha hizi za zamani? Ni swali la haki kabisa. Ndege ya kwanza ya aina hiyo ilipaa mwaka 1959, Kenya ikaanza kuzipokea mwishoni mwa miaka ya 1970, na baadaye tukaongeza nyingine zilizokuwa zimetumika Jordan. Hata hivyo, sisi tunaochambua mikakati ya ulinzi hatuanzii kwenye umri wa ndege. Tunataka kwanza kujua jeshi linatarajia kupigana na nani, wapi, na kwa mbinu gani.

Kwa Kenya, jibu limeandikwa kwa damu tangu Oktoba 2011, Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) lilipoingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi, kuwakabili wapiganaji wa kundi la kigaidi la al-Shabaab. Karibu mwaka mmoja baadaye, usiku wa kuamkia Septemba 28, 2012, wanamaji, wanahewa na askari wa nchi kavu walishirikiana kutua kutokea baharini kwenye ufuo wa Kismayu, mji wa bandari kusini mwa Somalia. Hiyo ni operesheni ngumu hata kwa mataifa tajiri, kwa kuwa vikosi vitatu vyenye makamanda tofauti lazima visikilizane gizani. Al-Shabaab wakapoteza bandari iliyokuwa ikiwaingizia pesa, kisha wakabadilisha vita. Waliacha kushikilia miji mikubwa, wakatega vilipuzi barabarani na kuvamia kambi alfajiri. Kambi ya KDF ya El Adde, nchini Somalia, ilishambuliwa Januari 15, 2016, na ile ya Kulbiyow Januari 27, 2017. Kote kuwili walitumia magari yaliyosheheni vilipuzi kuvunja ulinzi wa kambi kabla ya wapiganaji kumiminika ndani.

Adui wa namna hiyo haogopi ndege yenye kasi kuliko sauti. Anaogopa kambi iliyozungushiwa vizuizi vya kulisimamisha gari mbali, wenyeji wanaoamini askari kiasi cha kuwapa habari mapema, na helikopta inayofika kabla mapigano hayajaisha.

Chukua gari la kubeba askari kwenye barabara za vumbi za Lamu na Garissa. Likiwa na sakafu bapa na likakanyaga bomu, mlipuko wote huipiga sakafu hiyo, na nguvu yake hupanda moja kwa moja hadi kwenye miguu na uti wa mgongo wa waliokaa ndani. Gari lililoundwa kwa vita hivi lina tumbo lililochongoka kwenda chini mfano wa herufi V, likiwa limeinuliwa juu kutoka ardhini, ili mlipuko utawanyike pembeni. Viti navyo vinaning'inizwa kwenye kuta au dari, havifungwi sakafuni. Hakuna anayelipigia makofi tumbo la gari kwenye gwaride, lakini ndilo linaloamua kama kijana atarudi kwao akitembea. Binafsi, shilingi ya kwanza ningeipeleka hapo.

Helikopta sita za MD-530F ambazo Kenya ilipokea kutoka Marekani Januari 2020 zinaingia katika hesabu hiyohiyo. Ni ndogo, zinabeba bunduki za rashasha na roketi, na kazi yake ni kuwa juu ya askari walio chini wanapozidiwa.

Mwezi huohuo tulipata somo la upande wa pili. Alfajiri ya Januari 5, al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege wa Manda, Lamu, unaotumiwa na majeshi ya Kenya na Marekani. Wamarekani watatu waliuawa, na ndege zikateketezwa zikiwa zimeegeshwa, mojawapo ikiwa ndege ya upelelezi iliyojaa mitambo ya gharama. Uchunguzi wa Marekani wenyewe ulikuja kusema ulinzi wa uwanja ulikuwa umelegea. Wanaodai tununue droni (ndege zisizo na rubani) nyingi kwa sababu Azerbaijan ilizitumia kuvunja vifaru vya Armenia kwa siku 44 mwaka 2020 waifikirie Manda kwanza. Droni inahitaji uwanja unaolindwa, mawasiliano yasiyokatizwa na mtu aliyefunzwa kusoma picha inazoleta. Vita vya Ukraine vimeonyesha pia kwamba mawimbi yake yanaweza kuvurugwa.

Kuna gharama ambayo haitangazwi siku silaha inapopokelewa. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani inakadiria kuwa kwa kawaida takriban asilimia 70 ya gharama ya mfumo wa silaha katika maisha yake yote huenda kwenye kuuendesha na kuutunza. Mwenye matatu yeyote hapa Nairobi anaielewa hesabu hii: bei ya gari ni mwanzo tu, baadaye kuna matairi, bima na fundi. Kwetu mzigo ni mzito zaidi kwa kuwa tumenunua kwa wengi: Marekani, Uchina, Italia, Serbia. Kila nchi ina vipuri vyake, vitabu vyake vya ufundi na mafunzo yake. Ndiyo maana kiwanda cha risasi cha Eldoret, kile cha bunduki kilichofunguliwa Ruiru mwaka 2021, na karakana za meli za Kisumu na Mombasa vina uzito kuliko watu wanavyodhani. Nchi isiyoweza kutengeneza silaha zake huomba ruhusa ya kuzitumia.

Mwananchi ana nafasi yake hapa. Katiba ya 2010, kifungu cha 240, inataka Bunge liidhinishe kutumwa kwa majeshi nje ya nchi. Kifungu cha 221 kinataka makadirio ya bajeti yafike katika Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia mwisho wa Aprili, na kamati ipokee maoni ya umma. Idadi ya risasi ghalani inaweza kubaki siri. Lakini kifaa kipya kinanunuliwa kwa kazi gani, kitatunzwa na nani kwa miaka 20, na vipuri vitatoka wapi, hayo hayamfaidii adui kwa lolote. Yaulizeni kwa maandishi, mbele ya kamati, kabla mkataba haujatiwa saini.