Fst: kipimo cha tofauti za kijeni baina ya makundi, na namna kinavyofichua uteuzi asilia

Fst ni kipimo kinachoonesha ni sehemu gani ya tofauti zote za kijeni ndani ya spishi moja inatokana na kugawanyika kwa spishi hiyo katika makundi, mbali na tofauti za kawaida zilizopo baina ya kiumbe na kiumbe ndani ya kundi lilelile. Dhana hii iliasisiwa katikati ya karne ya 20 na Sewall Wright wa Marekani, na Gustave Malécot wa Ufaransa akaifikia kwa njia yake mwenyewe. Thamani yake huanzia 0, pale makundi yote yanapokuwa na aleli (yaani sura mbalimbali za jeni moja) zilezile kwa viwango vilevile, hadi 1, pale kila kundi linapobakiwa na aleli yake pekee.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuchukue mfano wa kubuni wa mbu aina ya Anopheles wa Unguja na wa Pemba, na tuangalie nukta moja katika jeni zao ambapo aleli fulani ina asilimia 20 Unguja na asilimia 80 Pemba. Ndani ya kila kisiwa, uwezekano wa kuokota nakala mbili zisizofanana ni 2 × 0.2 × 0.8, yaani 0.32. Sasa tuwachanganye mbu wa visiwa vyote viwili kwa idadi sawa, kana kwamba bahari haipo: wastani wa aleli unakuwa 0.5, na uwezekano ule unapanda hadi 0.5. Pengo la 0.18 likigawanywa kwa 0.5 linatoa Fst ya 0.36. Lau viwango vingekuwa asilimia 45 na 55, jibu lingekuwa 0.01 tu.

Je, 0.36 inathibitisha kwamba uteuzi asilia, yaani kuenea kwa aleli yenye faida kwa sababu wenye nayo huishi na kuzaa zaidi, umefanya kazi Pemba? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mamia ya mita, ilhali Unguja iliwahi kuungana na bara katika zama za barafu, bahari ilipokuwa chini. Kundi lililotengwa, hasa likiwa limeanza na wazazi wachache, hutofautiana na wenzake kwa bahati nasibu ya uzazi tu, bila ya aleli yoyote kuwa na faida. Lakini bahati hiyo, pamoja na uhamaji, hugusa jeni zote kwa pamoja, kama mvua inavyonyesha shamba zima la mikarafuu. Uteuzi ni ndoo ya maji iliyomwagiwa mche mmoja. Kwa hiyo kinachotafutwa si Fst kubwa peke yake, bali nukta ambayo Fst yake imezidi mno ile ya maelfu ya nukta nyengine za viumbe walewale. Ikiwa nukta nyingi za mbu wetu zina 0.3 au 0.4, ile 0.36 haina jipya. Ikiwa nyingi zina 0.01, na nukta yetu imo katika jeni inayolengwa na dawa ya vyandarua, hapo pana jambo la kuchunguza.

Wazo hili la kulinganisha lilitolewa na watafiti Lewontin na Krakauer mwaka 1973, na miaka miwili baadaye likakosolewa kwa haki: makundi ambayo baadhi yana undugu wa karibu na mengine wa mbali huzalisha nukta zilizozidi hata pasipokuwa na uteuzi. Mbinu za leo hujaribu kuizingatia historia hiyo kwanza.

Mfano ulio wazi zaidi kwa binadamu unahusu malaria. Wastani wa Fst baina ya watu wa mabara mbalimbali ni takriban 0.1 hadi 0.15, lakini badiliko linalozuia kipokezi cha Duffy kujitokeza kwenye chembe nyekundu za damu limeenea karibu kwa kila mtu katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara na ni adimu sana Ulaya, hivyo Fst yake inakaribia 1. Plasmodium vivax, kimelea kimojawapo cha malaria, hutumia kipokezi hicho kuingilia chembe, kwa hiyo wasio nacho hukingwa nacho kwa kiasi kikubwa. Ndiyo sababu mojawapo ya kuwa malaria ya kwetu Afrika Mashariki husababishwa zaidi na kimelea kingine, Plasmodium falciparum.

Kipimo hiki kina upofu wake. Uteuzi unaoihifadhi aleli kwa kiwango cha kati katika kila kundi hupunguza Fst badala ya kuiongeza, kwa hiyo anayewinda namba kubwa pekee hatauona. Vilevile Fst ya makundi mawili haisemi ni lipi lililobadilika. Huhitajika kundi la tatu, kama ilivyofanyika mwaka 2010 pale Watibeti walipolinganishwa na Wahan wa China na watu wa Denmark, na jeni ya EPAS1, inayohusika na mwitikio wa mwili kwa upungufu wa oksijeni, ikajitokeza kuwa imebadilika upande wa Watibeti.