Siki haioni maumivu

Jana nimepata wa nne ndani ya wiki moja anayeumwa tumbo na kutakiwa apimwe saratani ya kizazi, nikasema leo naandika hata kama usingizi unanibeba. Binti wa miaka 21, kaletwa na mama yake, tumbo la chini linamuuma wiki ya pili sasa, sijauliza hata neno mama ananiwahi: "Dokta, huyu mpime kansa ya kizazi, nimesoma mtandaoni dalili ndo hizi hizi." (Mimi ni nesi mkunga, ila Bongo ukishavaa koti jeupe wewe ni dokta, nilishaacha kusahihisha watu.)

Nadhani nusu ya tatizo ni hili neno "kupima". Tunapima malaria kwa sababu mtu ana homa, tunapima presha hata kwa mtu aliyekuja kumsindikiza mwenzake, na shamba nalo tunapima. Sasa kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi kiko upande wa presha. Kimetengenezwa kwa mwanamke ambaye HAUMWI, kinatafuta seli zilizoanza kubadilika miaka mingi kabla hazijawa saratani, na hizo seli haziumi, haziwashi, hazinuki. Ukishakuwa na maumivu umetoka kwenye foleni hiyo, unatakiwa uingie ile ya kutafutiwa sababu, na hiyo ni kazi nyingine yenye maswali mengine na vifaa vingine. Nusu ya pili ni neno "kizazi" lenyewe, maana siku hizi chochote kilicho chini ya kitovu ni kizazi, kibofu kizazi, utumbo kizazi, hata mtu hajapata choo siku 5 kizazi kinamsumbua.

VIA, yaani kipimo hicho kwa siki, ni hivi: naweka spekulamu (kifaa cha kufungulia uke), napaka siki kwenye shingo ya kizazi, yaani asidi ya asetiki asilimia 3 mpaka 5, nasubiri dakika moja, naangalia kama kuna sehemu imegeuka nyeupe. Basi. Siki haioni mirija, haioni ovari, haioni kidole tumbo. Na hiyo karatasi ya "negative" ndo inayonitisha kuliko yote, kwa sababu kuna binti alishakuja kwangu nayo mkononi, kapimwa kwingine wiki moja nyuma, kaambiwa yuko safi, kaendelea kumeza panado, mimi namuuliza hedhi ya mwisho lini anaangalia dari. UPT, kile kipimo cha mimba kwa mkojo, mistari miwili, ultrasaundi ikaonyesha mimba iko kwenye mrija, akaingia teatro jioni ile ile.

Kwahiyo ukija na maumivu tumbo la chini naanza na mkojo wa mimba, hata ukiniapia. Mdogo wangu, mimi sio mchungaji wako. Kidole tumbo, UTI, uvimbe wa ovari uliojinyonga, endometriosisi (tishu kama ya ndani ya kizazi kuota nje yake), hivyo navipitia kwa kuuliza na kubonyeza. Halafu inakuja PID, yaani maambukizi ya kizazi na mirija, na hapa niseme ukweli ambao kwenye vitabu umeandikwa kwa herufi ndogo: mara nyingi tunaitibu kwa kuhisi. Nikigusa shingo ya kizazi akaruka, nampa sindano ya seftriaksoni, doksisaiklini na metronidazo za siku 14, na mwenzi wake atibiwe, kwa sababu kipimo cha klamidia, bakteria mmojawapo anayeileta, hapa kwangu hakipo na mirija ikishaziba hairudi. Katika kila kumi ninaowatibu wapo ambao hawakuwa nayo, nalijua hilo, na bado natibu. Ila sio hii ya kila anayeumwa tumbo kuandikiwa PID bila hata kupanda kitandani, hiyo ni uvivu.

"Sasa si mnipime tu, kuna hasara gani?" Ipo. Wasichana wengi wanapata HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, miaka ya mwanzo ya kujamiiana na mwili unaifuta wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Shirika la Afya Duniani linasema mpaka ije kuwa saratani ni miaka 15 hadi 20, na 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu, kama mwenye VVU asiyetumia dawa, ndo maana linashauri kuanza miaka 30, na 25 kwa wanaoishi na VVU. Nikikupima una 21 naweza kukuunguza kwenye shingo ya kizazi kitu ambacho kingeondoka chenyewe. Halafu kuna hili: kwa mabinti, hasa wanaotumia vidonge vya majira, seli laini za ndani zinatokeza nje ya mlango wa kizazi, pale panaonekana pekundu kama pamechubuka. Ni maumbile. Asiyezoea anaandika "kidonda kwenye kizazi", binti anatoka analia, kesho ananunua dawa ya kusafisha kizazi kwa dada wa WhatsApp. Kizazi sio tenki la maji jamani.

Kitu kimoja tu, ukitokwa damu baada ya tendo, au katikati ya mwezi bila mpangilio, njoo uangaliwe, hata kama una 22. Hapo naangalia kwa sababu una dalili. Na nikiri, nimeshaona saratani kwa ambaye hajafika 30, nilikosa usingizi, umri wa kuanza umewekwa kwa kuangalia wanawake wengi na yule hakuwa wengi, alikuwa yeye.

Turudi kwa binti wa jana. UPT hamna kitu, mkojo umejaa usaha, UTI, kapewa dawa kaondoka anatabasamu. Nikamgeukia mama, nikamuuliza umri. 44. Umewahi kupima wewe? Hajawahi. Nikamwambia basi panda kitandani, siki bado ninayo.

Akacheka, akashika pochi yake. "Mimi dokta? Mimi mbona siumwi popote."