"An" hufuata sauti, si herufi

Jana jioni mpwa wangu wa kidato cha kwanza alinifungulia daftari la Kiingereza. Ameandika "an university", mwalimu ameweka alama ya kosa. "Mjomba, si inaanza na u?"

Wengi tulikaririshwa hivyo: penye a, e, i, o, u weka "an". Sivyo. Kinachoamua ni sauti ya kwanza inayotoka mdomoni. "University" hutamkwa kama "yunivasiti", sauti ya y, basi ni "a university". "Hour" ina h ya maandishi tu. Sikio linasikia "awa", kwa hiyo "an hour". Hata vifupisho: "an MP", maana tunaanza na "em".

Nilimwambia alitamke kila neno kwa sauti kabla ya kuandika. "One-eyed man" alilipata mwenyewe: "a", kwa sababu ya "wan".