Waliopo kati ya mtafiti na wewe msomaji

Ukisoma kwamba watafiti wa chuo kikuu fulani wamegundua jambo, jina utakalolikuta ni la mtafiti. Lakini habari hiyo imepita mikononi mwa watu wengine kadhaa ambao hawatajwi popote. Mimi ni mmoja wao, mhariri katika kitengo cha mawasiliano cha chuo kikuu, na leo nataka uwafahamu wenzangu kwa kazi wanazozifanya.

Nianze na mwandishi wetu wa habari za sayansi. Yeye ndiye anayepokea makala ya kitaaluma iliyojaa majedwali na kukaa na mtafiti mpaka aielewe. Wengi hudhani kipaji chake ni kalamu. Mimi nasema kipaji chake ni kuuliza bila haya. Mliwapima wangapi? Walikuwa watu au panya? Mliwafuatilia kwa muda gani? Kuna maelezo gani mengine yanayoweza kuleta matokeo hayohayo? Mtafiti aliyezoea kuzungumza na wataalamu wenzake hupata tabu mwanzoni, kisha polepole anaanza kueleza vizuri kuliko alivyoandika, na mwandishi wetu hunyamaza na kunakili.

Rasimu ikikamilika inakuja kwangu. Hapa naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo habari huharibikia. Chukua makala inayosema kwamba wanywaji wa kahawa walionekana kuugua ugonjwa fulani kwa kiwango kidogo kuliko wasiokunywa. Rasimu inasema, "Kahawa yakinga ugonjwa." Kitenzi kimoja tu kimeingia, na dai limekuwa jingine kabisa. Huenda waliokwisha kuanza kuugua ndio walioacha kahawa. Huenda wanywaji wana kipato kikubwa zaidi, au wanalala na kula tofauti. Kwa hiyo nafuta "yakinga" na kuandika "inahusiana na". Mwandishi hulalamika kwamba kichwa cha habari kimepoa. Kimepoa kweli, na mimi nakitaka hivyo hivyo, kwa sababu kuna mgonjwa atakayekisoma.

Kosa hili si la nadra. Mwaka 2014, Petroc Sumner wa Cardiff University na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ uchambuzi wa taarifa 462 za afya ambazo vyuo vikuu 20 vinavyoongoza Uingereza vilizipeleka kwa vyombo vya habari mwaka 2011. Asilimia 40 zilikuwa na ushauri uliotiwa chumvi kuliko ulivyokuwa kwenye makala yenyewe. Asilimia 33 zilitia chumvi katika kusema kitu fulani ndicho kinachosababisha kingine. Kati ya zile za utafiti wa wanyama, asilimia 36 ziliyachukua matokeo na kuyapeleka kwa binadamu kupita ilivyostahili. Na pale chuo kilipotia chumvi kuhusu sababu, asilimia 81 ya habari zilizofuata nazo zilitia chumvi. Pale ambapo hakikutia, ilikuwa asilimia 18. Hata hapa lazima nichunge kitenzi changu: uchambuzi huo ulionyesha uhusiano, haukuthibitisha kwamba taarifa za vyuo ndizo zilizowapotosha waandishi. Ila kwangu ulitosha kunionyesha kwamba chumvi mara nyingi imo tangu jikoni kwetu, kabla sahani haijafika gazetini. Jambo jingine walilolikuta ni kwamba hapakuwa na ushahidi wa maana kuwa kutia chumvi kuliifanya habari ichukuliwe na vyombo vingi zaidi.

Baada yangu yupo afisa habari, anayeshughulika na waandishi wa nje. Anajua mwandishi gani anahitaji mtaalamu wa mafuriko saa tatu usiku, na mtaalamu gani atapokea simu saa hiyo. Yeye pia ndiye mlinzi wa zuio. Majarida mengi ya sayansi huwapa waandishi makala siku chache kabla, kwa sharti kwamba hakuna atakayechapisha kabla ya saa iliyopangwa. EurekAlert!, huduma ya chama cha sayansi cha Marekani AAAS iliyoanza mwaka 1996, inaendeshwa kwa utaratibu huo. Muda huo ni wa mwandishi kusoma, kuuliza na kutafuta mtaalamu mwingine asiyehusika na utafiti.

Kuhusu haraka, nasi tuna mfano tunaowasimulia wageni wa kitengo. Tarehe 23 Machi 1989, University of Utah iliitisha mkutano na waandishi, ambapo Martin Fleischmann na Stanley Pons walitangaza kwamba wamepata muungano wa nyuklia, yaani kuunganisha viini vya atomu, katika joto la kawaida, ilhali kwa kawaida huhitaji joto kali mno. Makala yao ilikuwa bado haijachapishwa. Maabara nyingi zilijaribu kurudia jaribio hilo, zikashindwa kupata matokeo ya kuaminika. Ndiyo maana afisa habari wetu, akiambiwa "tuitishe waandishi kesho", kwanza huuliza makala ipo wapi na nani ameihakiki.

Mpiga picha wetu hakubali kupiga picha ya mtu aliyeshika chupa ya maji ya rangi ambayo hayahusiani na utafiti. Msimamizi wa mitandao ya kijamii ndiye mwenye nafasi finyu kuliko sote, na tumepatana naye sharti moja: neno "panya" halikatwi, hata kama sentensi imebaki na maneno manane.

Mkuu wa kitengo hubeba mzigo tusiouona kila siku, wa wakubwa wanaotaka habari njema tu. Nilimwelewa vizuri zaidi mwaka ambao jarida liliiondoa makala tuliyokuwa tumeitangaza kwa shangwe. Palikuwa na rai kwamba tuifute habari yetu kimya kimya. Alikataa. Tuliiacha palepale ilipokuwa, na juu yake, kabla ya kichwa cha habari, tukaweka aya ya kueleza kwamba makala imeondolewa, lini, na kwa nini. Kisha afisa habari aliwapigia simu, mmoja baada ya mwingine, waandishi wote waliokuwa wameiandika.