Je, wajua kwa nini simu ikiwashwa upya hukataa kidole chako?

Umeme umekatika Ndosho, hapa Goma, tangu jioni, betri imekwisha, simu imezimika. Asubuhi unaipeleka kwa kijana anayechajisha kwa sola, unaiwasha, unaweka kidole kama kawaida. Inakataa, inataka namba ya siri. Kabla hujaiandika, simu inaita, na kiooni inatokea namba tupu isiyo na jina, kumbe ni mama mkwe uliyemhifadhi miaka yote.

Hakuna kilichoharibika, wala si virusi. Picha, majina na ujumbe wako hukaa ndani ya simu vikiwa vimesimbwa, yaani havisomeki bila ufunguo, na ufunguo wenyewe haulali humo ukiwa kamili. Simu huuunda kwa kuchanganya namba yako ya siri na siri nyingine iliyofungiwa kwenye chipu tangu kiwandani. Kidole hakiwezi kushika nafasi hiyo. Leo kina jasho, kesho kina vumbi jeusi la mawe ya volkano ya Nyiragongo, na sensa, yaani kifaa kinachosoma kidole, haikisomi sawasawa mara mbili. Inachoweza kusema ni kwamba huyu ni mwenyewe au siye, ilhali hesabu ya ufunguo haivumilii hata tarakimu moja ikosewe.

Ukishaandika namba mara ya kwanza, ufunguo hubaki kwenye kumbukumbu ya muda, na kuanzia hapo kidole kinatosha kuomba ruhusa. Simu ikizimika, kumbukumbu hiyo inafutika. Ndiyo maana jina la mama mkwe halikuonekana: orodha ya majina ilikuwa bado imefungwa. Tangu Android 7 ya mwaka 2016, alamu inaweza kulia hata kabla ya namba kuandikwa, lakini WhatsApp hukaa kimya. Ukiwasha simu upya usiku, andika namba kwanza ndipo ulale.

Namba yenyewe iwe ya tarakimu sita. Nne zinatoa michanganyiko 10,000, sita zinatoa 1,000,000. Mchoro wa nukta tisa siupendi: aliye nyuma yako kwenye foleni soko la Virunga anauona vizuri, na mafuta ya kidole huacha njia yake kiooni.

Njia za mkato je? Tochi na kamera hufunguka bila namba kwa sababu hazihitaji kugusa vitu vyako vya zamani. Kwenye Android nyingi, bonyeza kitufe cha kuwasha mara mbili upesi na kamera inatokea. Utapiga picha, ila ukitaka kuona za jana utaulizwa namba. Android 14 na iOS 18 (mfumo wa iPhone) zinakuruhusu kuchagua vitufe vidogo vya njia za mkato vinavyoonekana kwenye pembe za kioo kilichofungwa. Kwa giza la huku, kimoja kiwe tochi, hilo halina mjadala.

Cha kuangalia ni ile paneli inayoshuka ukivuta kutoka juu. Kwenye simu nyingi inafunguka hata kioo kikiwa kimefungwa, na mwizi akiwasha hali ya ndege itakuwa vigumu kuitafuta simu ilipo. iPhone na baadhi ya Samsung zina mpangilio wa kuizuia.

Na kufunga kioo hakufungi laini. Mwizi akiitoa na kuitia kwenye simu nyingine, SMS zako, pamoja na namba za uthibitisho, zinamfikia yeye. Weka PIN ya laini pia. Ikikosewa mara tatu itadai PUK, yaani namba ndefu ya kuifungua laini. Namba hiyo kwa kawaida iko kwenye kadi uliyopewa pamoja na laini: iache nyumbani, si ndani ya kava la simu.